Pini ya Arobaini

Kuna msomaji ameniandikia kupitia gazeti hili akiniita mjinga. Ninamshukuru. Ila angesubiri kidogo, maana alikuwa hajasoma ya leo.

Kwa wale ambao ndio kwanza wanafungua ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani. Nimeshona suti miaka thelathini na moja. Kisha siku moja nikakata suruali ya bwana harusi, miguu yote miwili ya kushoto, na mwenye duka akanionyesha mlango. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Akauliza tena, nikamfokea. Akafunga mizigo akaenda kwa binti yetu, akasema atarudi siku nitakayokuwa tayari kumjibu kama mtu mzima. Mimi nikahamia kwa mdogo wangu wa kike.

Jibu nililomnyima mke wangu nimeshawapa ninyi: nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia linaona kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia la bafuni. La kushoto lina nafuu, lakini si sana. Daktari alitaka kunifanyia upasuaji, nikatoroka. Niliogopa kisu, na niliogopa zaidi kuitwa kipofu.

Wiki iliyopita niliishia pale mdogo wangu aliponikokota hadi kwenye klabu yao ya kushona na kuoka, na Mwenyekiti akanishika mkono mbele ya wote akasema, "Sasa tumepata fundi." Nikajitia hamnazo, nikatabasamu, nikakubali. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Miezi miwili ikapita.

Klabu inakutana kila Jumamosi mchana kwenye ukumbi mdogo wenye jiko upande mmoja. Nusu ya wanachama wanaoka keki na biskuti. Nusu wanashona mablanketi ya viraka kwa ajili ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mablanketi na keki vinapelekwa wodini bure, na keki zilizoungua tunakula sisi wenyewe. Mdogo wangu ndiye mkuu wa jiko. Mimi nilikuwa mwanamume pekee.

Mwenyekiti alikuwa nesi mkuu kabla ya kustaafu. Zamani, wodini kwake, mtoto mchanga alilia siku mbili mfululizo bila mtu kujua kwa nini. Walipokuja kumfungua vizuri, wakakuta pini imesahauliwa ndani ya blanketi la msaada, imemwingia pajani. Tangu hapo mama huyu ana sheria moja, na kwenye sheria hiyo hana undugu wala urafiki.

Sheria yenyewe ni hii. Kila mshonaji ana mkebe wa bati. Ndani yake kuna kitambaa kizito, na pini arobaini zimechomekwa safu nne, kumi kumi. Ukianza kazi unazihesabu. Unazitumia kushikiza viraka, pamba na kitambaa cha chini visihame. Ukimaliza blanketi unazirudisha, unahesabu, unasema kwa sauti, "Kamili." Hapo blanketi linakwenda kwa mkaguzi, anayelipitia kipande kwa kipande kabla halijafungwa utepe.

Zamani mkaguzi alikuwa anatumia sumaku. Nilipokuja mimi, Mwenyekiti akanifanya mkaguzi, na sumaku akaifungia kabatini. Alisema mkono wa fundi unashinda sumaku.

Ningekataa siku ile ile. Lakini ninyi hamjui ilivyo. Kwa mwenye duka nilikuwa mzee anayeharibu vitambaa. Kwa shemeji yangu nilikuwa mdomo wa ziada mezani. Pale ukumbini niliitwa Fundi, tena kwa heshima, na nilikuwa tayari kudanganya ili niendelee kuitwa hivyo.

Meza yangu nilikaa na mjane mmoja tuliyemwita Bi Stoo, kwa sababu alikuwa karani wa stoo ya kiwanda maisha yake yote. Ni mtu wa maneno machache, kana kwamba kila neno linalotoka lazima kwanza alisainie. Huyu mama ndiye aliyekuwa akinitungia uzi kwenye sindano. Nilimwambia vidole vyangu vina losheni, vinateleza. Hakuuliza losheni gani isiyokauka miezi miwili. Aliitikia kwa kichwa, akatunga.

Sasa sikilizeni nilivyomlipa.

Jumamosi hiyo nilimaliza blanketi langu saa tisa na nusu. Lilikuwa la bluu na njano, rangi ambazo bado ninaziona. Nikachomoa pini moja moja, nikazirudisha mkebeni, nikapitisha kidole kuhesabu vichwa. Safu ya kwanza kumi. Ya pili kumi. Ya tatu kumi. Ya nne tisa.

Nikarudia. Tisa. Mwisho wa safu ya nne palikuwa na nafasi tupu.

Mtu mwenye akili timamu angesema, Mwenyekiti, nimepungukiwa pini moja. Sumaku ingetolewa, blanketi lingepitiwa, yangekwisha. Mimi nilichofikiria ni wanawake kumi na wawili wamenizunguka, Mwenyekiti ananiambia, Fundi, hebu itafute, na mimi ninapapasa sakafu kama kuku.

Wakati huohuo kengele ya oveni ikalia. Mdogo wangu alikuwa nje anapokea mayai, kwa hiyo Bi Stoo akainuka kwenda kutoa keki zisiungue. Blanketi lake lilikuwa bado halijaisha, nusu ya pini ziko kwenye kitambaa na nusu zimo mkebeni. Mkebe ulikuwa wazi, karibu na kiwiko changu.

Nikachomoa pini yake moja. Nikaichomeka kwangu, kwenye ile nafasi tupu. Nikasema kwa sauti, "Kamili."

Waliosema siku za mwizi ni arobaini walikuwa wanamzungumzia mwizi mwenye bahati. Mimi nilipata kama saa moja.

Lakini msinione mnyama. Nilikuwa na mpango. Mkaguzi si mimi mwenyewe? Ilikuwa nilipapase blanketi langu taratibu, mshono kwa mshono, niipate pini, nimrudishie Bi Stoo kabla hajajua. Nikaanza. Nilikuwa nimefika katikati mdogo wangu aliponiita jikoni.

"Kaka, mtungi wa gesi umeisha. Njoo uniinulie mwingine."

Ningemwambia nini? Nikaenda. Mtungi ukakataa kukaa, mpira ukavuja, tukahangaika robo saa nzima. Niliporudi, blanketi halikuwepo mezani.

Mwenyekiti alikuwa amelikunja, amelifunga utepe, amelitia kwenye mfuko pamoja na mengine matano. Dereva wa hospitali alikuwa amewahi siku hiyo. Alikuwa ameshaondoka nao.

"La kwako nilijua halihitaji mtu mwingine wa kulitazama," Mwenyekiti akaniambia, huku anatabasamu.

Nikakaa.

Saa kumi na nusu mikebe ikafunguliwa, kama kawaida. Mwenyekiti alipita meza kwa meza. Wangu akautupia jicho tu, safu zote zimejaa, akapita. Wa Bi Stoo, aliyekuwa ameshachomoa pini zake zote, akasimama nao. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Thelathini na tisa," akasema.

Bi Stoo akainuka. "Zilikuwa arobaini. Nilizihesabu mara mbili nilipofungua."

Sumaku ikatolewa kabatini. Wakapitia blanketi lake, hakuna. Wakakata nyuzi, wakatoa pamba, wakaipekua, hakuna. Wakapitia meza, viti, sakafu, mpaka trei ya keki aliyoitoa. Hakuna aliyefikiria mfuko uliokwisha kuondoka, kwa sababu kila aliyemaliza alisema kamili na mkebe wake umejaa. Pini imepotea kwa Bi Stoo, basi iko kwa Bi Stoo.

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Fundi, wewe uko naye meza moja. Umeona chochote?"

"Sikuona kitu," nikasema.

Katika maneno yote niliyosema siku hiyo, hilo pekee lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndilo lililonichoma kuliko mengine. Sheria ikasomwa. Aliyepoteza pini anapumzika mpaka ipatikane. Bi Stoo akachukua mkoba wake, akafunga vifungo vya sweta mpaka juu, akatoka. Hakumwangalia mtu. Mdogo wangu akalia kidogo kule jikoni, nikamsikia.

Jumapili nilijikaza kisabuni mpaka saa nane mchana. Ikanishinda. Nikaenda nyumbani kwa Bi Stoo, nikijiambia nitamweleza mlangoni tu kisha niondoke.

Alinikaribisha ndani. Nilipoingia nikakanyaga nguo. Nikainama, nikapapasa: sketi. Pindo lake lilikuwa limefumuliwa lote. Pembeni yake sweta, nalo limefumuliwa mikono. Mkoba umegeuzwa nje ndani, bitana imechanwa. Alikuwa amefumua kila kitu alichokivaa Jumamosi akitafuta pini ambayo mimi nilijua iko wapi.

Akanipa chai. Akakaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaongea bila kuulizwa.

"Fundi, mama yangu alianza hivihivi. Alikuwa anahesabu sahani, zinampungukia. Tukawa tunamcheka. Mwaka haukuisha, akawa hanijui."

"Pini moja tu, Bi Stoo. Itakuwa imeangukia mahali."

"Nimehesabu misumari, boksi kwa boksi, miaka yote hiyo. Sijawahi kukosea. Kama sasa arobaini inanishinda, basi kichwa kimeanza kuondoka. Nimeshampigia mwanangu. Anakuja mwisho wa wiki kunichukua. Amesema nisikae peke yangu, nisije nikasahau kuzima jiko."

Hapo nilipaswa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Mnajua kilichotoka? Nilimsifia chai.

Nikaondoka pale nikijichukia kwa dhati. Mama wa watu anafungasha nyumba yake, anaamini amerukwa na akili, kwa sababu mimi nimeona haya kusema sioni. Na zaidi ya huyo, kuna kichanga mahali wodini kimefungwa ndani ya blanketi la bluu na njano. Usiku sikulala. Kila nikifumba macho ninasikia mtoto analia.

Jumatatu asubuhi, mapema, nilikuwa mlangoni mwa wodi. Nikamwambia nesi wa zamu kwamba nimetoka klabu, nimekuja kuangalia mishono ya mablanketi ya Jumamosi. Uongo mwingine. Nesi akasema yameshagawiwa yote.

"La bluu na njano?" nikauliza.

"Hilo liko kitanda cha dirishani. Tena bora uende ukamchangamshe yule mama. Mtoto wake analia tangu alfajiri, na hatujui analilia nini."

Nikatembea kuelekea kwenye ile sauti, nikigonga ukingo wa vitanda vya watu. Mama mwenyewe alikuwa binti mdogo, sauti imemkauka kwa kubembeleza. Nikanyoosha mkono, nikagusa blanketi. Mshono wangu. Ningeutambua hata kaburini.

Akamvuta mtoto kifuani. "Unataka kulichukua tena, mzee?"

"Hapana, mama. Nataka kulishika kidogo tu."

"Kwa nini?"

Nesi alikuwa amesimama nyuma yangu, naye ananingoja nijibu. Mtoto analia. Nilitafuta uongo wa tatu, na kwa mara ya kwanza katika miezi yote hiyo, uongo haukuja.

"Mfungue mtoto," nikasema. "Huenda lina pini."

Sitasahau jinsi yule binti alivyovuta pumzi. Nesi alinisukuma pembeni, akamchukua mtoto, akamfungua, akamvua mpaka akabaki kama alivyozaliwa. Akamgeuza, akamtazama mikono, miguu, mgongo, shingo. Mwenzake akakimbilia simu kumwita Mwenyekiti, maana wodi nzima inamjua. Mimi nikabaki ukutani nimeshika kofia.

"Hana alama," nesi akasema.

Akamweka mtoto begani, akampigapiga mgongo. Mtoto akateuka, teuko kubwa la mtu mzima, akanyamaza. Ilikuwa gesi. Nesi akacheka kwa kuchoka, na mama wa mtoto akalia.

Mwenyekiti alifika na sumaku mkobani. Hakunisalimia. Akalitandaza blanketi juu ya kitanda, akalipitisha sumaku kutoka kona hadi kona, mara tatu. Kisha akalifumua palepale, akaitoa pamba, akaichambua kwa vidole.

Hakuna kitu.

Nilitaka kumshukuru Mungu. Lakini Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kufikiri, na huyo mama akianza kufikiri ni hatari.

"Fundi," akasema polepole, "mkebe wako Jumamosi ulikuwa umejaa. Kwa nini ukadhani blanketi lako lina pini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote ya mkebe: ile safu ya nne, ile nafasi tupu, kengele ya oveni, mkono wangu kwenye mkebe wa Bi Stoo. Ya macho niliyameza. Hata pale, jamani, hata pale nilibakiza kidogo.

Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Twende ukumbini." Ndani ya gari alipiga simu mbili, moja kwa mdogo wangu na moja kwa Bi Stoo, akawaambia waje sasa hivi.

Tulikuwa wanne mezani. Mdogo wangu alikuja na aproni bado kiunoni. Bi Stoo alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, mkoba magotini. Mwenyekiti akautoa mkebe wangu kabatini, akaufungua, akanisogezea.

"Zihesabu."

Nikapitisha kidole. Kumi. Kumi. Kumi. Kumi.

"Arobaini," nikasema.

"Na moja uliichukua kwa mwenzako."

"Ndiyo."

Bi Stoo akageuka kunitazama. Sikuuona uso wake vizuri, na siwezi kusema nilijuta kutouona. Mdogo wangu akasema, "Kaka," neno hilo tu.

Bi Stoo akauvuta mkebe kwake. Hakuhesabu kwa kidole kama mimi. Alichomoa pini moja baada ya nyingine, akazilaza juu ya kitambaa cheupe, anahesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye safu ya pili akasimama. Akakisogeza kitambaa kwenye mwanga. Kisha akachomoa pini mbili kutoka kwenye tundu moja, vichwa vyake vimebanana.

Akaendelea mpaka mwisho.

"Arobaini na moja," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa. Pini haikupotea hata siku moja. Zangu zilikuwa arobaini tangu mwanzo. Nilichomeka mbili kwenye tundu moja, kidole kikagusa vichwa viwili kikadhani ni kimoja, na mtu yeyote mwenye macho angeziona. Nilimwibia mama wa watu ili kuziba pengo ambalo halikuwepo.

Bi Stoo akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yakawa yanacheza. Nilidhani analia, nikainuka, kumbe anacheka huku analia.

"Basi kichwa changu kizima," alikuwa anasema. "Kichwa changu kizima."

Mdogo wangu akamkumbatia. Kisha akanigeukia, aproni yake imejaa unga. "Kaka, zilikuwa mbele ya uso wako. Hukuziona?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na pini.

"Sioni, mdogo wangu," nikasema. "Ni macho. Mtoto wa jicho. Yapata mwaka sasa."

Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Akanishika mkono, na kwa muda mfupi sana nilihisi nafuu kubwa, nafuu ya mtu aliyetua gunia. Nikawaza kwamba limekwisha. Nitaomba radhi, nitafukuzwa klabu, nitampigia mke wangu, nitaenda kwenye kisu.

Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu na kabati, anafungua daftari.

"Fundi. Tangu uje, umekagua mablanketi mangapi?"

Sikuwa ninajua.

Akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu. "Ishirini na sita. Yote kwa mkono wako. Hakuna hata moja lililopita kwenye sumaku."

"Lakini mikebe ilikuwa inajaa," mdogo wangu akasema. "Kila Jumamosi ilikuwa kamili."

"Mikebe ya waliohesabu vizuri," Mwenyekiti akamjibu. "Na ya huyu je? Nafasi ikijaa, mimi ninaona imejaa. Tena zile pini zenye kutu alizozibadilisha mwezi uliopita, nilimpa boksi jipya ajaze mwenyewe. Nani alimhesabia?"

Wote wakanitazama. Lile boksi nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilijaza mkebe mpaka nafasi zikaisha, basi. Sikujua nilitoa ngapi wala niliingiza ngapi. Kama kabla ya hapo kulikuwa na pini iliyobaki mahali, lile boksi ndilo lililoificha.

Mwenyekiti akaketi. Nilimsikia anavyopumua. Huyu ndiye aliyemfungua yule mtoto wa zamani kwa mikono yake, na nilijua sasa hivi kwa mawazo yuko wodini kule, hayuko na sisi.

Akapiga simu hospitali. Matano yaliyobaki ya Jumamosi yalikuwa bado wodini, nesi akaambiwa ayakusanye mara moja, asiache hata moja kitandani. Ishirini yalikuwa yameshaenda majumbani. Kati ya hayo, saba yalishonwa kwa mkono wangu. Nesi akamsomea namba za simu za akina mama waliopewa, na Bi Stoo, bila kuombwa, akachukua kalamu akawa anaziandika. Huyu mama niliyemwibia, akaziandika kwa mwandiko wake ulionyooka, namba moja chini ya nyingine.

Mwenyekiti akabonyeza namba ya kwanza. Nilidhani ataongea yeye. Ilipoanza kuita akafungua spika, akaniwekea simu mkononi.

"Ongea wewe."

Sauti ya mwanamke ikaitikia. Nikajitambulisha: mimi ni fundi wa ile klabu ya mablanketi. Akafurahi. Akanishukuru, akaniombea dua, akasema mtoto halali bila blanketi lile, hata likifuliwa analililia. Kisha akasema ila siku mbili hizi hajui ana nini, hataki kulazwa chali, akimlaza anapiga kelele, wamempa dawa ya tumbo lakini haisaidii.

"Yuko wapi sasa hivi?" nikauliza.

"Nimemfunga humohumo. Ndio kwanza amenyamaza."

Bi Stoo aliacha kuandika. Mdogo wangu alinibana mkono mpaka ukauma.

"Mama," nikasema, "nenda ukamfungue. Mfungue taratibu, kidogo kidogo, na usimbane popote."

Hakuniuliza kwa nini. Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu, kisha hatua zake zikienda mbio.